Kitenzi cha Kihispania kinabeba wapi mkazo wake?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muongoza watalii hapa Arusha. Kihispania nimejifunza kwa simu na kwa wageni wenyewe. Msamiati ninao, ila vitenzi vinaniangusha. Juzi nilimwambia mgeni *hablo con el guarda* nikiwa na maana kwamba bosi wangu alishaongea na askari wa getini. Yeye akaelewa kwamba ni mimi ninayeongea naye. Nikiangalia kitabu, *hablamos* hakina alama juu ya irabu, *hablábamos* kina, *hablaremos* hakina, *hablará* kina. Tena *habla* hakina lakini *háblame* kina. Kuna utaratibu, au ni kukariri tu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Utaratibu upo, na kwa upande wa vitenzi umenyooka kiasi kwamba huhitaji kukariri alama hata moja. Tatizo ni kwamba vitabu vingi huanzia kwenye maandishi: neno likiishia hivi weka alama, likiishia vile usiweke. Mwanafunzi anapewa kanuni ya kuandika wakati bado hajui neno lenyewe linatamkwaje. Nakuomba ugeuze mpangilio huo. Jiulize kwanza: katika kitenzi hiki, ni kipande gani kinachobeba mkazo? Jibu lake linatoka kwenye muundo wa kitenzi, yaani shina, wakati na nafsi. Ukishalipata ndipo uulize kama alama iandikwe au la, na hapo inabaki kazi ya kuhesabu silabi na kutazama herufi ya mwisho.

Lakini kabla ya Kihispania tuliangalie sikio letu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila kiambishi kinachoongezwa nyuma huuvuta mkazo uende nacho: SO-ma, so-ME-ni, so-ME-sha, so-me-SHA-na. Maneno yanayokiuka ni ya kuhesabika, kama *barabara* yenye maana ya sawasawa, ambayo wengi huitamka ba-RA-ba-ra ili isichanganyike na barabara ya magari. Kwa kuwa mahali pa mkazo panajulikana tangu mwanzo, hatujazoea kuusikiliza ili kupata maana.

Mhispania anausikiliza kila mara. *Hablo*, HA-blo, ni "naongea". *Habló*, ha-BLÓ, ni "aliongea". Sauti ni zilezile. Nafsi na wakati vimebebwa na mkazo peke yake. Mgeni wako alikusikia vizuri kabisa, ila wewe ulitamka kwa mdundo wa Kiswahili. Na si *hablar* pekee. *Hable* ni "aongee" au "niongee", *hablé* ni "niliongea". *Hablara* ni "angeongea" ya ndani ya sharti, *hablará* ni "ataongea". Kuna pia maneno yanayokwenda matatumatatu: *término* ni nomino, mwisho au istilahi, *termino* ni "ninamaliza", *terminó* ni "alimaliza". TÉR-mi-no, ter-MI-no, ter-mi-NÓ. Yatamke haya matatu kwa sauti hadi yakae mdomoni, kwa sababu hapo ndipo sikio la Mswahili linapoanza kufunguka.

Sasa silabi. Upande wa konsonanti tupite haraka. Konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata: *co-me*, *ha-ces*. Zikiwa mbili huachana: *can-to*, *es-pe-ro*, *duer-mes*. Zisizoachana ni *b, c, f, g, p* zinapofuatwa na *l* au *r*, pamoja na *dr* na *tr*: *ha-blo*, *com-pro*, *en-tra*, *a-bri-mos*. Vilevile *ch*, *ll* na *rr* hazikatwi: *es-cu-cho*, *lla-mo*, *cie-rro*. Sisi tunasema *ku-mbu-ka* na *ku-pe-nda*, kwa hiyo masikioni mwetu *compro* ni *co-mpro* na *ando* ni *a-ndo*. Wao huzikata katikati, *com-pro* na *an-do*. Idadi ya silabi haibadiliki, basi hilo lisikunyime usingizi.

Kazi iko kwenye irabu. Katika Kiswahili kila irabu ni silabi yake: *mi-a*, *ki-o-o*, *u-a*. Kihispania kinazigawa irabu makundi mawili: *a, e, o* ni nzito, *i* na *u* ni nyepesi. Nzito mbili zikikutana kila moja hushika silabi yake, kama kwetu: *le-o*, *ca-e*, *cre-e-mos*. Nyepesi isiyo na mkazo ikigusana na nzito, hujibana nayo katika silabi moja: *pien-so*, *duer-mo*, *es-tu-dio*. Nyepesi ikibeba mkazo karibu na nzito, hujitenga, na hapo lazima iandikwe alama: *co-mí-a*, *en-ví-o*, *le-í-do*, *o-í-mos*. Herufi *h* haisikiki na haizuii lolote, ndiyo maana *prohibir* ni *prohi-bir*, lakini *prohíbo* ni *pro-hí-bo*. Nyepesi mbili tofauti, *ui* na *iu*, katika maandishi huhesabiwa silabi moja siku zote. Kwa sababu hiyo *construido* hakina alama ilhali *leído* kina.

Tulia kidogo kwenye *estudio*, "ninasoma", maana hapa nimesikia Waswahili wengi wakiteleza. Sikio letu linahesabu silabi nne, *e-stu-di-o*, halafu linaweka mkazo kwenye ya pili kutoka mwisho: estu-DI-o. Mhispania anahesabu tatu, *es-tu-dio*, na mkazo wake uko kwenye *tu*. Hesabu ikikosewa, mkazo nao unakosewa hata kama kanuni unaijua. Vivyo hivyo kwa *cambio*, *limpio* na *anuncio*: CAM-bio, LIM-pio, a-NUN-cio. Lakini *enviar* haifuati hivyo: *en-VÍ-o*, *en-VÍ-as*, *en-VÍ-a*. Kwa vitenzi vya *-iar* hakuna njia ya mkato, kila kimoja unajifunza kiko kundi gani. *Cambiar*, *estudiar*, *limpiar* na *anunciar* viko upande mmoja. *Enviar*, *confiar*, *guiar* na *esquiar* upande mwingine. Vya *-uar* vina afadhali: vingi hutenga, *ac-tú-o*, *con-ti-nú-o*, isipokuwa vile vya *-guar*, kama *a-ve-ri-guo*. Utatu wa pili wa kuufanyia mazoezi unatoka hapa: *continuo* ni kivumishi, kisichokoma, *continúo* ni "naendelea", *continuó* ni "aliendelea". Con-TI-nuo, con-ti-NÚ-o, con-ti-NUÓ. Ukiweza kutofautisha haya, umeshamaliza sehemu ngumu ya silabi.

Tuje kwenye muundo. Sisi tunaweka nafsi na wakati mbele ya mzizi: *tu-li-sem-a*. Wao wanavipanga nyuma: *habl-á-ba-mos*. *Habl* ni shina, *á* ni irabu ya kundi la kitenzi (vitenzi vya *-ar* vina *a*, vya *-er* na *-ir* vina *e* au *i*), *ba* ni wakati, *mos* ni sisi. Kilicho muhimu ni kwamba vile viambishi vya nafsi vya mwisho, *-s* ya "wewe" na *-n* ya "wao", havina nguvu ya kuvuta mkazo. *Habla*, *hablas*, *hablan*: mara zote tatu ni HA.

Sasa ile kanuni ya maandishi itakuwa na maana. Inasema: neno likiishia irabu, *n* au *s*, mkazo unadhaniwa kuwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, likiishia konsonanti nyingine, unadhaniwa kuwa kwenye ya mwisho. Neno likitii, haliandikwi alama, likikataa, linaandikwa. Na mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho au nyuma zaidi, alama huandikwa tu. Wengi huuliza kwa nini *n* na *s* zimepewa upendeleo. Ziangalie kazi zake: *-s* ni wewe, na pia ni wingi wa nomino; *-n* ni wao. Zinabandikwa mwishoni na mkazo unabaki ulipokuwa. Bila upendeleo huo ingebidi kuandika alama kwenye kila *hablas* na kila *hablan* duniani. Kanuni imetungwa kulingana na umbo la lugha, na vitenzi ndivyo vinavyonufaika zaidi.

Basi twende wakati kwa wakati.

Wakati uliopo, mkazo uko kwenye shina kwa mimi, wewe, yeye na wao, kisha unatoka nje ya shina kwa sisi na kwa ninyi: *ha-blo, ha-blas, ha-bla, ha-bla-mos, ha-bláis, ha-blan*. Kuhama huku ndiko kunakoeleza jambo linalowatesa wanafunzi, la *puedo* lakini *podemos*, *duermo* lakini *dormimos*. Ile *o* fupi ya Kilatini ilipobeba mkazo iligeuka *ue*, na *e* fupi ikageuka *ie*; isipobeba mkazo ikabaki ilivyo. Kwa hiyo *ue* na *ie* ni nyayo za mkazo. Vitenzi vingine viliingia baadaye kwa kuiga, na vingine, kama *deber*, havikuingia kabisa, kwa hiyo ni lazima ujue kitenzi chako kiko wapi. Lakini ukishajua kwamba *dormir* ni cha kundi hilo, huhitaji tena kukumbuka nafsi ipi inabadilika: popote shina linapobeba mkazo, linabadilika.

Wakati uliopita wa mazoea, ule wa "tulikuwa tukisema", mkazo hauondoki mahali pake hata kidogo: *hablaba, hablabas, hablaba, hablábamos, hablabais, hablaban*. Zote ni *blá*. Tofauti ya *hablábamos* ni kwamba *-mos* ni silabi nzima, kwa hiyo *blá* imesukumwa hadi ya tatu kutoka mwisho, na hapo alama huandikwa. Katika *hablamos*, mkazo uko *bla* vilevile, lakini ni ya pili kutoka mwisho na neno linaishia *s*, linatii. Swali lako hilo limeisha. Kwa vitenzi vya *-er* na *-ir* alama iko kila mahali, *comía, comías, comíamos*, kwa sababu ile *í* imejitenga na *a*.

Uthabiti huu una historia inayonivutia sana. Kilatini kilisema *cantabámus*, mkazo kwenye *ba*, na Kiitaliano bado kinasema *cantavamo* kwa mdundo huohuo. Kihispania kiliurudisha nyuma, *cantábamos*, ili nafsi zote sita zifanane. Wasemaji walipenda kitenzi kisichoyumba, na mwelekeo huo bado uko hai: katika maeneo kadhaa ya Hispania na Amerika ya Kusini na ya Kati utasikia watu wakisema *váyamos* mahali pa *vayamos*. Sarufi sanifu haiikubali, usiitumie, lakini usishangae ukiisikia.

Wakati uliopita wa tendo lililokwisha una mkazo kwenye mwisho wa kitenzi, nje ya shina: *hablé, hablaste, habló, hablamos, hablasteis, hablaron*. Mimi na yeye ndio wanaoishia kwa irabu yenye mkazo, kwa hiyo ndio wanaoandikwa alama. Vitenzi vichache vinavyotumika sana vinakwenda kinyume na kuweka mkazo kwenye shina kwa mimi na yeye: *tuve, tuvo, puse, puso, hice, hizo, dije, dijo, vine, vino, supe, supo*. Hivyo havina alama kamwe. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "wakati uliopita unaandikwa alama" huandika *tuvó*. Aliyejua mkazo uko wapi hawezi kuandika hivyo.

Wakati ujao ulizaliwa kutokana na maneno mawili: kitenzi-jina na kitenzi *haber*, "kuwa na". *Hablar* na *he* vikawa *hablaré*. *Hablar* na *has* vikawa *hablarás*. *Ha* ikazaa *hablará*, *hemos* ikazaa *hablaremos*, *han* ikazaa *hablarán*. Katika Kihispania cha kale vipande hivyo bado viliweza kuachana, kiwakilishi kikaingia katikati: *dar te he*, "nitakupa". Mkazo umebaki kwenye kile kipande cha *haber*. Ukiishi na picha hiyo hutachanganya *hablará* na *hablara*. Na *hablaremos* hakina alama kwa sababu *re* ni ya pili kutoka mwisho na neno linaishia *s*.

Sasa nije kwenye kitu kitakachokusaidia kazini kuliko vyote, yaani maagizo. Kwetu ukimwambia mtu mmoja ni *NGO-ja*, wakiwa wengi ni *ngo-JE-ni*. Nyongeza imeuvuta mkazo. Kihispania hakifanyi hivyo. Viwakilishi vinavyobandikwa nyuma ya agizo havina uzito wowote, na mkazo unabaki pale pale ulipokuwa kabla havijaja. *Espere*, es-PE-re, "subiri". *Espéreme*, es-PÉ-re-me, "nisubiri". *Espérenme*, es-PÉ-ren-me, "nisubirini". Alama imetokea kwa sababu mkia umeongezeka na mkazo umeachwa nyuma. Hivyo ndivyo *habla* inavyokuwa *háblame*. Sikiliza na mifano ya kila siku garini: *siga*, *sígame*, *síganme*, *siente*, *siéntese*, *siéntense*, *diga*, *dígame*, *dígamelo*. Hiyo ya mwisho ina mkazo kwenye silabi ya nne kutoka mwisho, jambo lisilowezekana kabisa kwetu, na ndiyo sababu ulimi wa Mswahili hutaka kusema *diga-ME-lo*. Jizuie. Anza na agizo tupu, *DI-ga*, lirudie, halafu bandika mkia kwa sauti ndogo bila kugusa mwanzo.

Agizo likiwa la kukataza, kiwakilishi hurudi mbele na kuandikwa peke yake, na alama inaondoka: *bájense*, "shukeni", lakini *no se bajen del coche*, "msishuke kwenye gari". Sentensi hiyo ya pili utaihitaji porini kuliko ya kwanza. Wageni wa Colombia watakwambia *carro*, wa Hispania *coche*. Kitenzi ni kilekile.

Mkia hauleti alama kila mara. *Da* ukiongeza *me* ni *dame*, silabi mbili, mkazo kwenye ya pili kutoka mwisho, neno linaishia irabu, limetii. Ongeza *lo*, inakuwa *dámelo*. *Dé*, "atoe" au "toa" ya heshima, ina alama ya kuitofautisha na *de*. Ikipata mkia inaipoteza, *deme*, kwa sababu hakuna tena cha kutofautisha nacho.

Ukipata wageni wa Argentina au Uruguay, utasikia wakimwita mtu *vos* badala ya *tú*, na mkazo umehamia mwisho: *hablás*, *comés*, *vivís*, na kwa maagizo *hablá*, *comé*, *esperá*. Sikiliza hasa *podés* na *pensás* dhidi ya *puedes* na *piensas*. Mkazo umetoka kwenye shina, basi *ue* na *ie* hazipo. Kwa kanuni ileile, *decí* ina alama na *decime* haina.

La mwisho ni kuhusu vitabu vya zamani, kwa sababu najua huko mitaani vinauzwa vingi vya mitumba. Neno la silabi moja haliandikwi alama isipokuwa kwa kulitofautisha na jingine. Lakini hadi miaka ya 1950 watu waliandika *fué, fuí, dió, vió*. Kanuni mpya za Real Academia Española, chombo kinachosimamia Kihispania sanifu, zilizotolewa 1952 na kuwa za lazima 1959, ziliziondoa. Mwaka 2010 *Ortografía*, kitabu cha kanuni za uandishi cha Real Academia ikiwa pamoja na akademia wenzake ikamalizia kundi jingine, ambalo lina kitenzi cha kazi yako. *Guiar*, kuongoza: *u* pale ni ya kulinda sauti ya *g* tu, haihesabiwi. *Guío*, "ninaongoza", ni *guí-o*, silabi mbili, mkazo kwenye *í*, alama inabaki. "Aliongoza" zamani iliandikwa *guió*. Leo ni *guio*, bila alama, kwa sababu maandishi yanaihesabu silabi moja, hata kama mgeni wako ataitamka wazi kwa silabi mbili.